Uzi: Tulipelekwa semina ya ubunifu siku mbili, jibu lilikuwa kwenye chaki ya kibarua

#1 Mzee wa Ghala (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka akaweke bando kwanza halafu arudi.

Ni msimamizi wa ghala hapa Dar, mwaka wa kumi na moja huu. Tunasambaza sabuni, mafuta ya kula, dawa za mbu na vikorokoro vingine vya madukani. Kampuni siitaji, na mtakaoitambua mnyamaze hivyo hivyo.

Mwaka juzi tulipelekwa semina ya "fikra bunifu mahali pa kazi". Siku mbili, ukumbi una kiyoyozi, korosho mezani, mwezeshaji kijana mtanashati na projekta yake. Tukaletewa matofali. Sitanii, tofali la kuchoma moja kila meza, tuandike matumizi yake mengi kadiri tuwezavyo kwa dakika tano. Meza yetu tulifikisha thelathini na mawili: kuzuia mlango, kupondea karanga, kutishia mwizi, figa la tatu. Tukapigiwa makofi. Jumatatu tumerudi kazini, hakuna hata mmoja aliyekuwa na shida ya tofali.

Zoezi lenyewe silibezi, lina mwenyewe. J. P. Guilford, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyewauliza wenzake mwaka 1950 kwa nini wanahangaika kupima akili na ubunifu hawaugusi. Tofali likatokana na kazi zake. Ila yeye alikuwa anapima watu. Hakuahidi kwamba ukishahesabu matumizi ya tofali, ghala lako litapona.

Na letu lilikuwa linaumwa. Canter sita zinatoka asubuhi, zinatakiwa kurudi saa nane, zinarudi saa kumi na moja, nyingine magharibi. Madereva wanadai malipo ya muda wa ziada, wenye maduka wanapiga simu, katoni zinarudi zimebonyea. Vikao tumekaa. Ofisi ikasema tuongeze gari. Mimi nikasema tuongeze vibarua. Mhasibu akasema madereva wanapiga dili njiani, tufunge vifaa vya kufuatilia magari. Vikafungwa. Vikatuonyesha gari imesimama dukani dakika arobaini, tukasema haya, mmeona, wanapiga soga.

Gari moja tu, mojawapo ya zile za barabara ya Kilwa, ilikuwa inarudi saa saba na nusu. Tukasema dereva wake mchapakazi. Basi, ikaishia hapo. Miezi minne.

Siku moja nimewahi kazini saa kumi alfajiri kwa sababu ya hesabu ya mzigo uliopungua. Kwenye mlango wa kupakilia namkuta kibarua wa usiku amechuchumaa mbele ya katoni za sabuni. Mkononi ana kipande cha chaki kidogo kama kucha. Anaandika ubavuni mwa katoni: 11, 11, 11, kisha 10, 10. Anasogea, anasoma ankara, anaandika tena.

"Kijana, hizo namba za nini?"

Aliruka. Akaanza kufuta kwa kiganja, chaki inampaka mpaka kwenye kifundo. "Samahani bosi. Nafutaga zote, hakuna inayobaki."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kabla ya hapo mwenzake mmoja aliandika kwenye katoni kwa maka peni, mteja akalalamika, yule kijana akakatwa pesa ya siku. Amri ya kumkata ilitoka kwangu. Ndiyo, mimi huyu ninayewaletea uzi wa ubunifu.

Nikamwambia aache kufuta, anieleze. Ankara zetu zinachapwa kwa namba ya mteja, mdogo kwenda mkubwa. Wapakiaji wanachukua ya juu, wanabeba mzigo wake, wanausukuma ndani mpaka nyuma ya kibini, wanachukua inayofuata. Sasa mteja wa namba ndogo ni wa zamani, na wa zamani wengi wako karibu, Mbagala. Gari inafika Mbagala Rangi Tatu, duka la kwanza, mzigo wake uko chini kabisa kule ndani, juu yake umelaliwa na wa Kongowe, Vikindu na Mkuranga. Utingo anashusha nusu ya gari barabarani, anachomoa katoni nne, anapakia upya. Duka la pili, vivyo hivyo. Hizo ndizo dakika arobaini tulizoziita soga.

Yeye, kwenye gari ile ya saa saba na nusu, alikuwa anapanga maduka kama gari inavyoyapitia, anayapa namba, halafu anaanza kupakia namba 11 ya Mkuranga. Namba 1 inakaa mlangoni.

Nikamuuliza mbona hukusema? Akanitazama kama nimemuuliza kitu cha ajabu. "Nimwambie nani?"

Nataka kuwasikia, wakuu. Kazini kwenu wazo likitoka kwa mtu wa chini linapita wapi mpaka lifike? Maana nimeanza kuamini kwamba kwenye ofisi zetu ubunifu upo mwingi tu, ila unafutwa kwa kiganja bosi akitokea.

#2 Kigoda

Nimeweka kiti hapa. Hiyo "nimwambie nani" imenigusa pabaya.

#3 Tandiboi Mstaafu

Mkuu, sikuvunjii heshima, lakini huo si ubunifu. Kupakia wa mwisho kwanza ni somo la siku ya kwanza kwa utingo yeyote. Hata anayepakia nyanya za Ilula analijua. Mmeshindwa kitu ambacho kila tandiboi anacho kichwani, leo mnakiita fikra bunifu!

#4 Mzee wa Ghala

Tandiboi, umepiga palepale na sikatai. Sasa jiulize: kama kila utingo anajua, ilikuwaje ghala zima lisijue?

Wapakiaji wetu wa usiku hawajawahi kupanda gari. Wanapakia, kunakucha, wanakwenda kulala. Utingo anakuja saa kumi na mbili anakuta turubai limeshafungwa. Dada wa ankara anachapa mchana, hajawahi kuona mlango wa kupakilia. Kila mmoja kazi yake anaifanya sawasawa. Yule kijana alikuwa utingo mwaka mzima sehemu nyingine kabla hajaja kwetu kubeba mizigo usiku. Ndiye peke yake mwenye vichwa viwili. Kitu cha kawaida kabisa upande ule, akakivusha upande huu. Kwa macho yangu mawazo mengi mazuri ya kazini yako hivyo, hayashuki kutoka mbinguni, yanatoka chumba cha pili.

Ndiyo maana tulichofanya baada ya pale hakikuwa semina. Nilimwomba dada wa ankara apande Canter siku moja. Alidhani nimemkasirikia. Akaja na viatu vya wazi, maskini, akapanda. Jioni amerudi vumbi mpaka kwenye nyusi. Vikindu alisimama juani ameshika daftari huku wanashusha katoni zaidi ya ishirini kutafuta boksi moja la dawa ya mbu.

Kesho yake hakusema neno. Akafungua ile programu, akakuta mahali pa kuchagua ankara zichapwe kwa njia ya gari badala ya namba ya mteja. Pamekuwepo miaka yote, hakuna aliyepagusa. Kubadilisha ni dakika chache. Kuingiza nani anatangulia kwenye kila njia ndiko kulikomla siku mbili.

Sasa gari zinarudi saa nane, saa tisa. Ya Bagamoyo bado inachelewa, hiyo tumeiachia foleni.

#5 Fundi Gerezani

Chaki imenikumbusha mzee mmoja wa Toyota, Taiichi Ohno, mmoja wa walioujenga ule mfumo wao wa uzalishaji. Alikuwa akichora duara la chaki kwenye sakafu ya kiwanda, anamsimamisha meneja au mhandisi humo, anamwambia tazama. Anaondoka zake. Anarudi baada ya saa kadhaa anauliza umeona nini. Ukijibu juujuu, unaendelea kusimama.

Nilijaribu gereji kwangu, bila chaki maana sakafu yetu ni oili tupu. Nilikaa kwenye tairi bovu asubuhi nzima, simu nimempa mke wangu. Nilichoona: vijana watatu wanatumia spana namba 14 moja. Sio kwamba hakuna nyingine, zipo, ila ziko kwenye boksi la chini kabisa lenye kufuli, na ufunguo ninao mimi mfukoni. Nikienda kununua spea Kariakoo, kazi inasimama. Miaka sita nawaita wavivu.

Nimepigilia ubao ukutani, kila spana nimechora umbo lake kwa rangi. Ikikosekana, nafasi inaonekana. Imepotea moja tu tangu hapo, na aliyeichukua tunamjua.

#6 Mhasibu Mnyonge

Haya ni matamu kuyasoma lakini tuambizane ukweli. Kazini ukitoa wazo, bosi analichukua, Ijumaa analiwasilisha kwa mkurugenzi kama lake, wewe unabaki kupiga makofi. Mimi limenikuta mara mbili. Mara ya pili hata slaidi zilikuwa zangu, kalifuta jina tu. Toka siku ile nafanya nilichoandikiwa kwenye mkataba, saa kumi na nusu nafunga kompyuta. Ubunifu wangu naupeleka kwenye mradi wangu wa kuku.

#7 Kigoda

Mkuu hapo #6, na kuku wanaendeleaje? 😂

#8 Mhasibu Mnyonge

Wanaendelea vizuri kuliko kampuni.

#9 Sista Zamu

Nawasalimu. Mimi ni muuguzi, naomba niseme la kwetu.

Mzee wa Ghala amegusa woga, na woga ndio wenyewe. Miaka ya tisini mtafiti wa Marekani anaitwa Amy Edmondson aliingia hospitalini kuangalia makosa ya dawa. Alitegemea timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikamjia kinyume, timu nzuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi. Alipochimba akagundua hazikosei zaidi, zinasema zaidi. Kwenye timu za woga makosa yako palepale, yamefichwa.

Wodini kwetu kulikuwa na chupa mbili za dawa, lebo zinafanana, rangi moja, zimekaa rafu moja. Kila mmoja wetu alishawahi kunyanyua isiyo yake akashtuka kabla hajachoma. Kila mmoja! Hakuna aliyesema, kwa sababu kusema ni kukiri kwamba nusura ukosee. Akaja sista mkuu mpya. Asubuhi yake ya kwanza kwenye makabidhiano akasema, "Mimi jana nimenyanyua chupa siyo. Nani mwingine?" Kimya. Halafu mkono mmoja. Halafu mikono yote. Siku ileile chupa moja ikahamia rafu ya pili na ikafungwa plasta nyekundu shingoni.

Plasta ile haikuhitaji akili nyingi. Ilihitaji mkubwa atangulie kujiaibisha.

#10 Mzee wa Ghala

Sista, shikamoo kwa huyo sista mkuu wenu. Hiyo ya kutangulia mkubwa naiba.

Mhasibu, na mimi sikupingi. Ukiibiwa mara mbili una haki ya kufunga kompyuta. Kwetu tumeanza kitu kidogo: ubao mweupe pale mlangoni, wazo linaandikwa na jina la aliyelitoa na tarehe. Bosi akitaka kulibeba, jina limeshaonekana na dereva, na kibarua, na mama wa chai. Sio dawa kamili, lakini kuiba kitu ambacho mama wa chai anajua ni cha nani inataka uso mkavu.

#11 Mtaalamu wa Beaker

Kuhusu kumfunga mtu mdomo, sisi watu wa maabara tuna kisa cha nyumbani kabisa. Erasto Mpemba. Mwaka 1963 ni mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu ya maziwa. Nafasi kwenye friji inagombaniwa, akaweka mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akawakuta wauza aiskrimu wa Tanga mjini wanafanya hivyohivyo, wanaweka ya moto ili igande haraka. Kazi yao, wanajua, hawana habari na fizikia.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akatungiwa jina, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Wenzake wakalifanya utani. Alipokuja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar, kijana akasimama mbele ya darasa akauliza swali lilelile. Watu wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, ila akaahidi kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa nini, lakini dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba.

Sasa kipande ninachokipenda, ambacho watu huruka. Osborne alimpa fundi wake wa maabara afanye jaribio. Fundi akarudi na taarifa kwamba ya moto kweli imetangulia kuganda, na akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Nikisoma pale nacheka halafu naona haya, maana ni mimi mtupu. Mara ngapi kipimo kimeniletea namba ya ajabu nikarudia mpaka ikawa ya kawaida, nikaandika ya kawaida.

#12 Bin Pwani

Assalaam alaykum wandugu, niko Mombasa. Mnaongea ya wauza aiskrimu, acheni niwaongeze ya M-Pesa, kwa sababu watu hudhani ilitoka kichwani mwa mtu mmoja ikiwa imekamilika.

Jaribio la kwanza Kenya, Oktoba 2005, halikuwa la kutumiana pesa hata kidogo. Vodafone na Safaricom walikuwa wataka watu waliokopa kwa shirika la mikopo midogo walipe mkopo kwa simu. Wakajaribia Nairobi na Thika. Wateja wale wakaanza kuitumia wanavyojua wao: huyu amlipia mwenziwe mkopo apewa taslimu, huyu atuma kwa jamaa, huyu aiweka pesa kwa simu kabla ya safari asiibiwe njiani, aitoa akifika. Kwa mradi wa mikopo, hayo yote ni vurugu.

Wangeweza kuziba. Kumbe wakatazama ile vurugu, wakauliza watu wataka nini hasa. Machi 2007 ilipofunguliwa kwa umma, mikopo imewekwa kando, wauza kitu kimoja: tuma pesa nyumbani.

Mimi nina duka la hadiwea. Wateja walikuwa wakinunua paipu ya plastiki ya futi ishirini halafu waniomba msumeno waikate mbele ya duka, wanichafulia baraza. Nilikuwa nawafukuza. Sasa nauza vipande.

#13 Dada Lishe

Bin Pwani, hiyo ya vipande nimeipenda kuliko ya M-Pesa!

Naongeza moja fupi inayofanana na gari ya Kilwa. Mwaka 1990 Jerry Sternin wa shirika la Save the Children alipelekwa Vietnam kwenye vijiji vyenye utapiamlo, akapewa miezi sita tu aonyeshe kitu. Hakuleta chakula. Akauliza kama kuna familia maskini kama wengine ambazo watoto wao hawana utapiamlo. Zilikuwepo. Mama zao walikuwa wakiokota vijikamba na vijikaa kwenye mashamba ya mpunga, wanachuma majani ya viazi vitamu, wanawapa watoto, na wanawalisha mara nyingi kidogo kidogo. Majirani waliona hicho si chakula cha mtoto. Halafu hakuwahutubia, aliwataka kina mama waje kupika pamoja, kila mmoja na ngumi yake ya kamba na majani.

Kwa hiyo Mzee wa Ghala, swali la miezi minne lilikuwa lile la gari ya saa saba na nusu, inafanyaje? Mkajijibu "mchapakazi". Sifa zimewafungia mlango.

#14 Mzee wa Ghala

Dada, hapo umenimaliza. Ni kweli, tulimsifia dereva tukalala.

#15 Afisa Utumishi

Mimi ndiye huwaandalia watu hizo semina za matofali, msinirushie tofali 😅. Bajeti ya mafunzo ikishatengwa lazima itumike. Swali langu kwa mleta uzi: vikao mnaviendeshaje? Sisi tunakaa tunasema "toeni mawazo, hakuna wazo baya", wanaongea walewale watatu, wa nne ni mimi.

#16 Mzee wa Ghala

Afisa, huo mtindo wa "hakuna wazo baya" una baba yake, Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara New York. Aliamini kundi likitupa mawazo ovyo bila kukosoana litapata mengi kuliko mtu peke yake. Mwaka 1958 watu wa chuo cha Yale wakajaribu: watu wanne pamoja, na wanne kila mmoja kivyake halafu karatasi zao zikajumlishwa. Waliokaa peke yao walitoa karibu mara mbili. Sababu mojawapo ni ya kijinga tu, mkiwa wengi anaongea mmoja, wengine wanasubiri zamu, na ukisubiri unasahau au unaona haya.

Kwetu kuna kubwa kuliko hilo, na hao wazungu hawakulipima: adabu. Mkubwa akishasema lake, kikao kimekwisha. Nani atasimama amwambie mzee "sio hivyo"? Sio uoga peke yake, ni malezi, na malezi hayo mimi siyakatai. Kwa hiyo nimeacha kuwataka vijana wavunje adabu, nimeyapanga ya kikao yaende nayo:

Mwanzo dakika kumi kimya. Kila mtu anaandika kwenye kipande cha karatasi, bila jina. Asiyependa kuandika anamnong'oneza mama wa chai, yeye anamwandikia, na siri anatunza kuliko benki. Karatasi zinaingia kwenye ndoo. Mdogo kuliko wote anazisoma kwa sauti. Mimi nasema mwisho, na mara nyingi nakuta langu limeshasomwa na mtu mwingine, vizuri zaidi.

Swali lenyewe liwe dogo. Nikiuliza "tuboreshe vipi ghala" napata maombi ya mshahara na feni. Nikiuliza "kwa nini katoni za mafuta zinavuja kona ya kushoto tu" ndoo inajaa. Kona ya kushoto, kwa faida yenu, ilikuwa msumari wa palati. Tulikuwa tumeshamwandikia kiwanda barua kali.

#17 Noti Mkononi

Mnazunguka. Wekeni laki moja mezani kwa kila wazo, mtaona watu wanavyogeuka wabunifu. Mtanzania na posho mnamjua.

#18 Mzee wa Ghala

Kuna jaribio la mshumaa hapo. Unapewa mshumaa, kiberiti na kiboksi chenye pini, uambiwe uubandike mshumaa ukutani usidondoshe nta mezani. Aliyelibuni ni Karl Duncker, mwanasaikolojia Mjerumani. Jibu ni kumwaga pini, kukibana kiboksi ukutani kwa pini, mshumaa unakaa humo. Watu wanachelewa kwa sababu macho yanaona kiboksi kama chombo cha pini tu. Mwaka 1962 mwanasaikolojia mwingine, Sam Glucksberg, akawaahidi baadhi yao pesa wakiwahi. Walioahidiwa pesa wakachelewa zaidi. Lakini pini zikishakuwa nje ya kiboksi, jibu linaonekana, hapo wa pesa wanawahi. Pesa inakimbiza mtu kwenye njia anayoiona. Kutafuta njia nyingine ni jambo tofauti.

#19 Mhasibu Mnyonge

Hoja hiyo mabosi wanaipenda sana. "Tusiwalipe, tutawaharibia ubunifu."

#20 Noti Mkononi

😂😂😂 Mhasibu nakupa maji ya kunywa.

Na mleta uzi mbona umetuficha jambo moja, yule kijana wa chaki alipata nini?

#21 Mzee wa Ghala

Nilijua litakuja, nilikuwa naomba lisije.

Mhasibu uko sahihi. Kuahidi pesa kabla ni kitu kimoja, kumlipa mtu aliyekwisha kukuokolea pesa ni kingine, ni deni. Niliandika barua aajiriwe. Jibu, nafasi hakuna kwenye bajeti. Nikaandika tena, nikaambiwa tusubiri mwaka wa fedha. Kwenye sherehe ya Desemba wakatoa cheti. Kimeandikwa "Idara ya Ghala". Fulana alipewa, saizi kubwa, akaivaa palepale akapiga picha na mkurugenzi. Alicheka kweli, hakuigiza. Machi akaniaga. Kapata bajaji ya mkataba, yuko Gongo la Mboto.

Malipo yote ya muda wa ziada tuliyoacha kulipa toka siku ile nimeyapigia hesabu. Siyaandiki hapa.

#22 Tandiboi Mstaafu

Dah. Naomba radhi kwa maneno ya #3. Kijana anajua kazi.

#23 Mama Depo

Mimi nina depo ya vinywaji Ubungo, gari tatu, na zinarudi usiku. Kaka, nipe namba yake.

#24 Mzee wa Ghala

Dada, nimempigia kwanza kabla ya kuitoa. Anauliza mambo mawili: mshahara ni wa mwezi au wa siku, na kama anaruhusiwa kuandika kwenye kreti.

#25 Mama Depo

Wa mwezi. Na maka peni nanunua mimi.